Sufuria ya Mke wa Mutale

Siku tatu za kwanza Chileshe alipika bila chumvi na hakuna aliyemuuliza kitu. Alikaa nyuma ya wadi ya wanaume, pale uani ambapo wake na mama za wagonjwa huwasha mbabula zao za makaa, akachemsha majani ya lengalenga na kipaja cha kuku, akasonga bukari, ugali wa kwao, kidogo, akafunika, akapeleka. Chakula kilikuwa hakina mbele wala nyuma. Mutale alikila chote, akafuta midomo, akasema, "Asante, Mama Kalaba." Kalaba ni binti yao wa kwanza, na tangu azaliwe Mutale hakumwita mkewe kwa jina jingine.

Huyu Mutale alikuwa mtu wa tanuri. Miaka kumi na minne alisimama mbele ya shaba inayochemka, na watu wa kambi ya wafanyakazi walimjua kwa mabega yake. Sasa akipanda ngazi tatu anatafuta mahali pa kukaa. Miguu ilivimba hadi viatu vya kazi vikamkataa, na kulala alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali anaona kama kuna mtu amemkalia kifuani. Utotoni aliwahi kuugua homa ya viungo, homa ambayo mama yake aliitibu kwa majani na ikapoa. Kumbe ilipoa viungoni tu. Moyoni ilibaki, ikauharibu mlango mmoja, na mlango ule ukazidi kubana mwaka hata mwaka.

Aliyewaeleza hayo ni Donat, muuguzi mkuu wa wadi, mtu wa Kasai, mwembamba, wa miwani, ambaye hata akikusalimu unajiuliza umekosa nini. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, na kwenye karatasi Donat alikuwa na jina jingine la asili kama citoyen, raia, yeyote mwema, maana serikali ilikwisha kupiga marufuku majina ya Kizungu, lakini wadi nzima ilimwita Donat na yeye aliitika.

"Sikiliza, mama," alimwambia Chileshe siku ya kwanza. "Moyo ya bwana yako iko na mulango moja yenye haifunguke muzuri. Damu inapanga foleni. Maji inarudia mu mapafu, inashuka mu miguu. Dokta Kalenga anaweza kufungua ule mulango na kidole yake. Kidole, umesikia? Anapasua hapa mu mbavu, anaingiza kidole mu moyo, anafungua. Lakini muntu mwenye kujaa maji hatuwezi kumulaza pa meza. Atazama mu maji yake mwenyewe. Kwanza tumukaushe."

"Mutamukausha namna gani?"

"Dawa ya kukojoa. Matone ya kutuliza moyo. Maji vikombe vine kwa siku, hata kama analia. Mukojo tunaupima mu chupa. Na asubuhi, mbele ya chai, anapanda pa mizani. Na chumvi hapana, mama. Hata punje moja. Chumvi njo inashika maji mu mwili."

Chileshe aliitikia kwa kichwa. Maneno yaliingia yote.

Dokta Kalenga alikuwa mtoto wa nchi, amesomea Ulaya, anafanya kazi Kinshasa. Alishuka uwanja wa ndege wa Luano na masanduku mawili ya vyuma vyake mwenyewe, akawapa watu wa Lubumbashi wiki tatu. Orodha yake ilikuwa na majina sita, na la mwisho lilikuwa la Mutale. Mutale alikuwa ameingia wadini na kilo sitini na tisa, na kati ya hizo, Donat alisema, tano ni maji matupu. Apunguze hadi sitini na nne na Jumanne ya wiki inayofuata atapasuliwa. Asipopunguza, nafasi yake itapewa mwalimu mmoja kutoka Kilwa aliyekuwa akingoja kitanda cha jirani. Baada ya hapo dokta anapanda ndege, na kwa moyo ule hakuna aliyetegemea kwamba Mutale angemngoja hadi arudi.

Kilo sitini na nane. Sitini na saba. Siku ya tatu, sitini na sita. Donat aliandika namba kwenye karatasi ya kitandani, akatabasamu, na wauguzi wenzake walilisimulia tabasamu lile hadi mchana.

Mchana huohuo Mama Musonda, mama yake Mutale, akafika kwa treni kutoka Sakania.

Hapa lazima nikuambie jambo, kwa sababu bila hilo utamlaumu Chileshe bure. Kwao, kwa Babemba na jirani zao wa upande ule wa reli, chumvi si kitu cha mchezo. Mke aliye safi ndiye anayetia chumvi katika mboga za mumewe. Akiwa katika siku zake, hatii, anamwita mtoto amtilie. Na mke aliyetoka nje ya ndoa yake akithubutu kutia, basi mume akila, ugonjwa unamwingia kifuani. Anakohoa, anahema, anavimba, anakufa. Ndivyo wasemavyo, na ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo mke anayeacha tu kutia chumvi, bila mtoto wala bibi mzee wa kumtilia, anakuwa ametangaza kwa sufuria yake mwenyewe kwamba ana mtu mwingine na anaogopa kumwua mumewe. Haihitaji kusema neno.

Na Mutale alikuwa anaumwa nini? Kifua. Alikuwa anakohoa, anahema, amevimba. Sakania walikwisha kuanza kunong'ona kabla hata ya treni kuondoka.

Mama Musonda alikuwa mjane, mkavu, mnyoofu wa mgongo. Aliingia na kapu la karanga, akamwona mwanawe amekaa juu ya mito mitatu, akamshika miguu yote miwili akalia bila sauti. Kisha akafuta macho, akaenda uani, akafunua sufuria ya mkwewe kama mama yeyote angefanya. Akachovya tonge, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Chumvi iko wapi?"

"Banganga ba hospitali balikataza, mama."

"Banganga." Mama Musonda alilimeza tonge kwa taabu. "Mi nilizaa batoto saba, nilizika bane. Banganga balinikatazaka pombe, balinikatazaka tumbako. Chumvi ya bibi na bwana banaitafuta nini?"

Miiko ilisimama katika sufuria za jirani. Wanawake sita walikuwa pale uani, na wote sita ghafula walikuwa na kazi ya kuangalia makaa yao. Mama Musonda aliinamisha kichwa, akasema polepole, karibu kwa huruma, "Mama Kalaba, kama uko na neno, useme sasa. Usimuache mutoto yangu akufe na neno yako."

"Sina neno, mama."

"Basi tia, tuone."

Hasira ilimpanda Chileshe. Miaka kumi na miwili ya ndoa, hajawahi hata kuchelewa sokoni. Angeweza kusema hapana. Lakini angesema hapana mbele ya wanawake sita, na habari ile ingefika kambini kabla ya jua kutua na Sakania kwa treni ya kesho, na Kalaba angekua akiitwa mtoto wa nani sijui. Akajiambia ni kidogo tu. Akajiambia kidogo hakiwezi kushinda dawa za wazungu. Akafungua karatasi ya chumvi ya jirani, akachota, akatia.

Mutale aliletewa chakula, mama yake amesimama miguuni pa kitanda. Alitia tonge la kwanza kinywani. Akainua macho akamtazama mkewe, mara moja tu. Halafu akala mpaka akaisafisha sahani.

Jumatano alitia, na Alhamisi alitia, maana ukishaanza huachi hivihivi, na Mama Musonda alikuwa hakosi mlo. Alhamisi asubuhi mizani ilisema sitini na sita na nusu. Ijumaa, sitini na saba na nusu. Mutale alikohoa hadi mito mitatu ikawa minne. Donat alichukua chupa ya maji akaifungia kabatini, akamkagua Mutale chini ya ulimi kama anatema vidonge, akawanunia wagonjwa wa jirani. Hakuelewa kabisa, na kutoelewa kulimkera kuliko kitu chochote.

Ijumaa Dokta Kalenga alipita. Alikuwa kijana kuliko Chileshe alivyomdhania, mpole wa sauti, na aliongea na Mutale mwenyewe, si na karatasi. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, likakaa, likakataa kujaa.

"Citoyen, nisikufiche," alisema. "Hii kazi iko na hatari. Bantu kumi kama weye, wakiwa bakavu, batatu habatoke pa meza. Wakiwa na maji kama hii, sijaribu. Niletee kilo makumi sita na ine Siku ya Pili asubuhi. Bila vile, nitamuchukua mwalimu, na weye utaniwia radhi."

Siku ya Pili, kwa hesabu ya Lubumbashi, ni Jumanne. Alipoondoka, Mama Musonda aliondoka pia, kwenda kununua mkaa. Chileshe alikaa pembeni ya kitanda.

"Baba Kalaba, ulisikia chumvi mu mboga."

"Nilisikia."

"Dokta alikuambia na weye pia. Juu ya nini ulikula?"

Mutale alingoja pumzi imrudie, maana siku hizo kila sentensi alilazimika kuiomba pumzi kwanza. "Mama alikuwa anaangalia," alisema. "Kama ningeacha, angesema nimesikia kitu mu mukono yako. Nikaona heri nikule."

Mume wake alikuwa amekula sumu siku tatu, tonge kwa tonge, ili yeye aweze kupita sokoni na kichwa chake juu. Alimpenda siku ile kwa namna iliyomwuma, na alijichukia kwa kadiri ileile.

Akaenda moja kwa moja kwa Donat, akamwambia yote. Donat alimwakia kwa dakika nzima. Alimwuliza kama anajua bei ya ile dawa, kama anadhani moyo ni mchezo wa watoto, kama alitaka kuwa mjane si angesema tu. Halafu akavua miwani akakaa. Kwao Kasai pia kuna mambo ya namna hiyo, na mama yake mwenyewe aliwahi kulala nje mwezi mzima kwa sababu ya mambo hayo.

"Niachie mimi," alisema. "Mi nitamufasiria ule mama."

Kama Donat angeacha, mambo yangekuwa afadhali. Lakini Donat alimwita Mama Musonda ofisini, akamketisha chini ya picha ya Raisi, akamchorea moyo kwenye karatasi, vyumba vinne na milango yake, akamfundisha habari za chumvi na maji kwa Kifaransa kingi, na mwishoni, mtu wa watu, akaongeza kwamba mke wa Mutale ni mwanamke mwema sana, mwaminifu sana, yeye mwenyewe anamshuhudia. Mama Musonda alisikiliza kwa adabu. Alisema, "Asante, baba." Akarudi uani, akasimama mbele ya mbabula ya mkwewe.

"Yule mwanaume anakutetea sana," alisema.

Chileshe aliacha kuchochea makaa.

"Ulisema huna neno," Mama Musonda aliendelea, na sasa hakujali kushusha sauti. "Nikakuambia tia, tuone. Ulitia. Na tumeona. Mbele ya kutia alikuwa anapona, kila siku kilo moja inatoka. Umetia siku tatu, anakufa. Unataka nini nyingine? Sema jina ya ule muntu, tusafishe, mutoto yangu apone."

Ukimsikiliza kwa masikio ya Sakania, hakuna pengo. Chumvi ya mkewe ilimwingia, kifua kikajaa. Mizani ya hospitali yenyewe ilikuwa imetoa ushahidi. Wanawake sita wa uani hawakujifanya tena kuangalia makaa, na mmoja alimvuta mtoto wake karibu.

Chileshe aliona mambo mawili tu mbele yake, na yote mawili hayakuwa mazuri. Akiendelea kukana, mama ataendelea kusimamia sufuria na kudai chumvi mpaka Jumanne ipite. Akikubali, basi amekwisha. Alifikiria kidogo sana, pengine muda wa kumeza mate. Halafu akachukua sufuria kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaiweka miguuni pa mama mkwe.

"Kuanzia leo upike weye, mama. Weye uko mujane, nyungu yako haina maneno. Lakini usitie chumvi. Ile yangu imekwisha kumuingia mu mwili. Ukimuongezea hata yako safi, zitakutana, zitamuua. Umuache akauke kwanza. Siku atatoka pa meza, nitakupa jina."

Mama Musonda aliitazama sufuria miguuni pake.

"Unaapa?"

"Naapa."

Aliapa uongo, na alijua anaapa uongo. Hakukuwa na jina. Tangu wakati ule hakuna mwanamke aliyemkopesha kibiriti. Mbabula zilisogezwa, mikeka ikasogezwa, na Chileshe akabaki na kona yake karibu na bomba la maji machafu. Chakula cha Mutale kilipita mikononi mwa mama yake. Yeye aliruhusiwa kuosha sahani. Alipokwenda kumpangusa mumewe jasho, Mama Musonda alimfuata akakaa mlangoni. Mutale aliuliza kuna nini. "Mama anataka kukupikia," Chileshe alimjibu. "Umuache afurahi."

Donat aliongeza dawa, akaipitisha mshipani. Jumamosi mizani ilisema sitini na saba. Jumapili, sitini na tano na nusu, na kikohozi kikapungua. Chileshe alisali misa akiwa amesimama nje ya kanisa la hospitali, kwa sababu ndani wale wanawake walikaa benchi zima.

Jumatatu, sitini na sita.

Donat alisoma namba mara mbili. Akamtoa Chileshe nje kwa kidole. "Mama, nilikuambia nini?"

"Sijagusa nyungu tangu Ijumaa. Uulize wote hapa, banajua."

"Basi nani?"

Hakujua. Aliwaza labda dawa zimechoka, labda moyo wenyewe umechoka, labda kiapo cha uongo kimeanza kudai chake. Mama Musonda alikuwa amesimama karibu na ukuta akisikia kila neno. Siku ile alipika polepole sana, akapeleka chakula, akarudi akakaa peke yake akitazama majivu. Donat alichoma sindano mara tatu badala ya mbili, na Mutale akajaza chupa baada ya chupa hadi akaanza kutania kwamba wamtafutie pipa.

Jumanne asubuhi, sitini na nne na gramu mia mbili.

Gramu mia mbili. Dokta Kalenga aliitazama mizani, akambonyeza mguu, akangoja. Shimo likajaa. Akamlaza chali kwenye mto mmoja na akahesabu dakika tano kwenye saa yake, na Mutale hakuhema. "Tunaenda," alisema.

Walimsukuma kwa kitanda cha magurudumu. Mutale alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona nyuma ya mama yake, akamnyooshea mkono juu ya bega la mama. Chileshe aliushika hadi mlango ulipowaachanisha.

Walingoja kwenye ukumbi wenye mabenchi mawili. Mama Musonda alikaa la kwanza pamoja na wanawake wawili wa uani waliokuja kumshika mkono. Chileshe alikaa la pili, peke yake. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Mara mlango ulifunguliwa, muuguzi akatoka mbio, akarudi mbio na mfuko wa damu, na wanawake wale wawili waligeuka wakamtazama Chileshe, si mlango. Aliwaona. Aliendelea kutazama sakafu, na moyoni alikuwa akirudia kitu kimoja tu, asife, asife, hata kama nitafukuzwa, asife.

Dokta alitoka shati limemshika mgongoni. Aliwaeleza kwa ufupi. Mlango ulikuwa mgumu, lakini umefunguka. Alipoupasua kwa kidole moyo ulisimama. Waliukanda kwa mkono. Ulirudi. "Kama angekuwa na maji ya wiki yenye ilipita," alisema, "singewarudishia muntu."

Siku sita baadaye Mutale alikuwa ameketi, mpira wa kifuani umetolewa, anakunywa chai na kulalamika kwamba mbavu zinamwuma. Alikuwa akilala kwenye mto mmoja kama watu wote. Donat alikuwa amewaita mke na mama, akawaambia kwamba mlango umefunguka lakini moyo bado ni mgonjwa: vidonge vitaendelea, mizani itaendelea, na chumvi basi, maisha yote. Wanawake wawili waliitikia bila kutazamana.

Walipotoka, Mama Musonda alionyesha benchi lililokuwa chini ya dirisha la wadi. Chileshe akakaa. Alikuwa ameingojea saa hii, na alikuwa amekwisha kufunga nguo zake katika kitambaa.

"Uliniapia jina."

"Sina jina, mama. Nilikudanganya. Hakukuwa muntu, na hajakuwa. Nilitaka tu uache chumvi. Kama unataka kunifukuza, nguo iko tayari."

"Najua."

Chileshe aligeuka.

Mama Musonda alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, imelala mapajani, mikavu, yenye mishipa. "Siku ya Mungu nilitia," alisema. "Nilimuonea mutoto yangu huruma, anakula majani kama mbuzi. Nikasema ile ulinifasiria ni ya kutafuta njia tu, chumvi yangu ni safi, nimelala peke yangu miaka kumi na moja. Nikatia kidogo. Usiku akakohoa, asubuhi kilo ikapanda. Ikapanda na mukono yangu, Mama Kalaba. Nikajua palepale. Si mukono. Ni chumvi."

"Ulijua Siku ya Kwanza asubuhi."

"Nilijua."

"Nilipokuwa nasimama na Donat anataka kunikula, ulijua. Tulipokuwa tunangojea pa mulango, mi huku peke yangu, babibi bananiangalia kama muuaji, ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

Kidevu cha mama mzee kilianza kutetemeka, akakishika kwa vidole kikatulia. "Ilikuwa lazima ninyamaze," alisema. "Kama angekufa pale pa meza, ingekuwa lazima kuwe na muntu mwenye kumuua. Kama si weye, basi nani? Ni mi nilitia ile ya mwisho. Ni mi nilikulazimisha ile ya kwanza. Na ile homa ya utoto, ni mi niliipoza na majani nikasema imekwisha. Sikuweza, mwana wangu. Nikakuachia weye ubebe."

Chileshe alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya haki. Alikasirika, na chini ya hasira hiyo alimwonea huruma, na hiyo huruma nayo ilimkasirisha.

Mama Musonda aliinuka. Hakuomba msamaha, kwao mkubwa haombi kwa maneno. Aliingia uani kwa hatua zake za mgongo mnyoofu, akachukua sufuria, akaipiga kwa mwiko mara mbili hadi kila mwanamke akageuka. Kutoka benchini Chileshe alisikia sauti yake ikipanda, ya mtu anayetaka isikike mpaka Sakania.

"Bote mulikuwa hapa siku nilimuita bibi ya mutoto yangu malaya. Mukuye munisikilize. Ile chumvi ya mwisho, yenye ilikuwa karibu kumuua, niliitia mimi."

Chileshe alijifunika uso kwa kitambaa chenye nguo zake, akalia kwa mara ya kwanza tangu Mutale alazwe, kwa sauti kubwa, bila kujali nani anamsikia.